Msaada: uwiano wa 5:3:2 kwenye chakula cha kuku ni asilimia ngapi?

MamaKuku_Nkuhungu

Mbukwenyi wakuu. Nafuga kuku wa mayai hapa Nkuhungu, Dodoma. Chakula nachanganya mwenyewe, maana cha dukani kinakula faida yote. Jirani aliyenitangulia kwenye ufugaji ndiye aliyenipa vipimo: madebe 5 ya mahindi yaliyoparazwa, 3 ya pumba, 2 ya mashudu ya alizeti, yale mabaki ya mbegu zikishakamuliwa mafuta. Dagaa, chokaa na premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini) vinafuata mwishoni.

Sasa kuna kijikaratasi nilichukua Nanenane pale Nzuguni, kimeandika kila kitu kwa asilimia. Mashudu kimesema 20. Mume wangu kapiga hesabu, 2 gawanya kwa 5, anasema mashudu yangu ni asilimia 40, nimepitiliza mara mbili. Mdogo wangu wa kidato cha pili anasema ni 20 kamili, nisiguse kitu. Wote wamenionyesha kwenye kikokotoo, na kikokotoo kimewakubalia wote.

Kuku ndio wanaanza kutaga, sitaki kuwaharibia. Naomba mnielekeze namna ya kugeuza na si jibu tu, kwa sababu alizeti ikipanda bei itabidi nibadilishe vipimo. Naomba kuwasilisha.

Chaki_Nyeupe

Dada, wote wawili wamegawanya vizuri, ila kila mmoja kajibu swali lake. Shemeji kalinganisha mashudu na mahindi: kwa kila debe 1 la mahindi una mashudu kiasi cha asilimia 40 ya debe hilo. Ni kweli, lakini kijikaratasi hakiulizi hivyo. Kinauliza kwenye chakula chote mashudu yamechukua sehemu gani.

Kwa hiyo jumlisha kwanza. 5 + 3 + 2 = 10. Halafu kila namba igawanye kwa hiyo jumla na uzidishe kwa 100. Mahindi 5/10 ni asilimia 50, pumba 30, mashudu 20. Ukimaliza, jumlisha majibu yako. Yasipofika 100, au karibu kabisa na 100 kwa sababu ya desimali ulizokata, rudia.

Jumla si lazima iwe 10. Ukibadilisha iwe 6:3:2, jumla ni 11 na mashudu yanashuka hadi 18.2, ingawa hujapunguza hata konzi moja ya mashudu. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kijana_AreaC

Mimi naungana na mzee wa nyumba. 2:5 ni mbili ya tano, 0.4, yaani 40. Pumba mnaiingizaje wakati swali ni mashudu?

Chaki_Nyeupe

Mdogo wangu, acha pumba kabisa. Mwaga kwenye turubai madebe 2 ya mashudu na 5 ya mahindi. Hapo kuna madebe 7. Mashudu ni 2/7, asilimia 28.6. Hiyo 40 huipati kwenye turubai hata uchanganye vipi, kwa sababu mashudu yenyewe ni sehemu ya lundo, lazima yahesabiwe na yenyewe.

BwanaMifugo_Kongwa

Mama, mwalimu kakupa njia iliyo sahihi, ila kuna jambo linanipa wasiwasi, na ndilo linaloumiza wafugaji wengi huku kwetu. Wewe unapima kwa debe. Vijikaratasi vya chakula cha mifugo vinaandika asilimia za uzito. Debe la pumba na debe la mahindi havikaribiani uzito hata kidogo. Hivyo 50, 30, 20 ni asilimia za ujazo, bado huwezi kuzilinganisha na hiyo karatasi.

Na uzito una sababu yake. Virutubisho vyote vinahesabiwa kwa kilo. Tukisema mahindi yana protini kama asilimia 8 au 9, maana yake kilo 100 za mahindi zina kilo 8 au 9 za protini. Kuku hali debe.

Azima mizani. Jaza debe la kila kitu kama unavyojaza siku zote, usishindilie wala usitingishe zaidi ya kawaida yako, pima, toa uzito wa debe tupu. Tuletee namba.

FundiZege_Ihumwa

Nachomekea hapo hapo. Zege la 1:2:4 wateja wengi wanadhani sementi ni robo, au nusu ya mchanga basi asilimia 50. Jumla ni 7. Sementi 14.3, mchanga 28.6, kokoto 57.1. Na hizo ni asilimia za vitu vikavu kabla ya maji. Ndoo 7 kavu hazitoi ndoo 7 za zege, mchanga unazama kwenye nafasi za kokoto na lundo linapungua. Kwa hiyo anayekununulia vifaa kwa kuangalia ukubwa wa slabu atapungukiwa.

MamaKuku_Nkuhungu

Nimepata mizani kwa muuza nafaka. Bila debe: mahindi kilo 14, pumba kilo 7, mashudu kilo 11. Nikishachanganya naongeza dagaa kilo 7 na chokaa kilo 10. Premiksi na chumvi ni kidogo sana, za kupima kwa gramu.

BwanaMifugo_Kongwa

Safi sana. Mahindi 5 × 14 ni kilo 70. Pumba 3 × 7 ni 21. Mashudu 2 × 11 ni 22. Jumla 113. Kabla ya dagaa, mahindi ni asilimia 61.9, pumba 18.6, mashudu 19.5. Ona pumba ilivyoshuka kutoka 30.

Sasa dagaa na chokaa navyo ni chakula, viingie kwenye jumla: 113 + 7 + 10 = 130. Mahindi 53.8, mashudu 16.9, pumba 16.2, chokaa 7.7, dagaa 5.4. Hizi ndizo za kuweka pembeni ya kijikaratasi. Shemeji alihofia umezidisha mashudu, kumbe uko chini ya 20.

Kurudi nyuma ni rahisi. Ukitaka kilo 100 za chakula zenye mashudu asilimia 20, hizo ni kilo 20. Gawanya kwa 11, unapata debe 1.8. Ukiongeza mashudu, amua unapunguza nini, maana 100 haiongezeki. Na kila ukinunua mzigo mpya pima debe upya. Mashudu ya mashine moja na nyingine hayafanani.

Zabibu_Hombolo

Uzi mzuri. Swali: mfuko wa mbolea umeandikwa 17:17:17. Nikijumlisha napata 51, kila kimoja 17/51, asilimia 33.3. Niko sawa?

Chaki_Nyeupe

Hapana kaka, hapo usijumlishe. Namba za mfuko wa mbolea tayari ni asilimia za uzito, hata zikiandikwa kwa nukta mbili. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 8.5. Fosforasi na potasiamu huandikwa kama oksaidi, nazo kilo 8.5 kila moja. Kinachobaki ni vitu vingine vilivyomo kwenye chembe za mbolea.

Na mteremko nao haujumlishwi. Njia ya kiti cha magurudumu ya 1:12 inapanda mita 1 kwa kila mita 12 za usawa, 1/12, asilimia 8.3. Urefu wa kupanda si sehemu ya urefu wa kwenda. Mashudu ni sehemu ya chakula, ndiyo maana kule tulijumlisha.

MamaKuku_Nkuhungu

Nimeelewa, na mume wangu nimemsomea yote. Bwana Mifugo, nikipunguza pumba ili mashudu yafike 20, dagaa nibakize kilo 7 hizo hizo?

BwanaMifugo_Kongwa

Bakiza kwa sasa. Badilisha kitu kimoja, na ufanye taratibu kwa siku kadhaa, kuku wanaoanza kutaga hawapendi chakula kugeuka ghafla. Andika idadi ya mayai kila jioni, ulete hapa tuone.