Picha ghafi za hadubini zichapishwe, au orodha ya molekuli inatosha?

Mleta hoja: Napendekeza kwamba makala inayoonesha mahali pa molekuli mojamoja katika vipimo vitatu isichapishwe mpaka waandishi waweke wazi picha ghafi za kamera, faili la urekebishaji (vipimo vya kugeuza umbo la doa la mwanga kuwa kina) na msimbo wa programu waliyoitumia. Tatizo langu liko kwenye kina. Njia za hadubini zilizoanza kuenea mwaka 2006 huwasha molekuli chache kwa zamu, kisha programu ikatafuta kitovu cha kila doa la mwanga na hivyo kukwepa ukungu wa mwanga wa nanomita 200 na zaidi. Lakini kina hakimo katika picha bapa: hukisiwa kutokana na umbo la doa, ambalo lenzi ya silinda hulirefusha upande mmoja molekuli ikiwa juu ya fokasi, na upande mwingine ikiwa chini yake. Umbo hilo hulinganishwa na jedwali la urekebishaji lililopimwa kwa shanga ndogo zinazong'aa zilizonata kwenye kioo, ilhali molekuli tunazozitafuta zimo ndani ya seli, ambako mwanga hupinda kwa namna nyingine. Jedwali likipotoka, orodha yote ya mahali pa molekuli hupotoka, na bado picha ya mwisho hupendeza.

Mchangiaji: Ndugu mleta hoja, kamera ya pikseli 2048 kwa 2048 yenye biti 16 ikipiga fremu 50,000 huzaa zaidi ya gigabaiti 400, tena kwa seli moja tu. Nani atagharimia hifadhi hiyo? Isitoshe, programu hizi zilikwisha kushindanishwa hadharani mwaka 2016 kwa data za kuigiza ambazo majibu yake yalijulikana. Orodha, makadirio ya kosa na toleo la programu vinatosha.

Mleta hoja: Kuhusu gharama nalegeza: picha ghafi ziwe za vielelezo vilivyomo kwenye makala pekee. Zisikatwe kuzunguka madoa, kwa kuwa anayekata ameshaamua lipi ni doa na lipi ni kelele. Kuhusu mashindano silegezi. Data za kuigiza hupima programu pale umbo la doa linapojulikana, na hata mitandao ya neva (programu zinazojifunza kwa mifano) kama DECODE ya mwaka 2021 hufunzwa kwa picha za kuigiza zinazotokana na urekebishaji uleule ninaoutilia shaka. Faili hilo la urekebishaji kwa shanga ni dogo mno likilinganishwa na gigabaiti 400 ulizozitaja; hilo nalo linafichwa kwa sababu gani?