Mjadala: Makala za daktari wa mifugo katika majarida ya tiba ya binadamu zihesabiwe au zisihesabiwe?

Mleta Mada:
Waungwana, salaam. Rafiki yangu, daktari wa mifugo anayefundisha katika chuo ambacho sitakitaja, ameomba kupandishwa cheo kuwa profesa mshiriki. Kamati imeziondoa katika hesabu makala zake zote kuhusu kichaa cha mbwa kwa kuwa zilitoka katika majarida ya tiba ya binadamu, ati haziko katika fani yake. Je, ametendewa haki?

Kipimajoto:
Ametendewa haki. Cheo ni cha fani, na fani ina mipaka. Aliyesomea ng'ombe akiandika kuhusu watu ni sawa na seremala anayeshona suti: mshono huenda ukashika, lakini mimi siivai harusini. Isitoshe, makala hizo zina waandishi wangapi? Siku hizi makala moja hubeba majina kumi na matano, imejaa kama daladala ya jioni, na kila abiria anadai yeye ndiye dereva.

Mzee wa Kabete:
Hayo ya daladala nayaacha, lakini hiyo suti naivaa sasa hivi. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kitaalamu mwaka 1931, baada ya kondoo kufa kwa wingi karibu na Naivasha na watu waliowashughulikia nao kuugua. Waandishi walikuwa watatu: Daubney na Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na Garnham, tabibu wa binadamu. Bwana Kipimajoto atueleze makala hiyo ni mali ya kitivo kipi, kondoo au mchungaji. Na akimaliza, amtafute Peter Doherty wa Australia, daktari wa mifugo aliyepewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1996. Seremala huyo alishona vizuri.

Kipimajoto:
Mzee wangu, kwa heshima zote, umeisimulia nusu. Doherty aliipokea tuzo hiyo pamoja na Rolf Zinkernagel, ambaye alisomea tiba ya binadamu. Mbona huyo umemsahau?

Mzee wa Kabete:
Sikumsahau, nilikuwa nakusubiri umtaje. Wawili hao walifanya kazi katika maabara moja kule Canberra, wakachunguza panya, na kinga ya mwili waliyoieleza ni ya panya na ya binadamu vilevile. Kamati ya rafiki yake Mleta Mada ingemkata Doherty jina.

Bint Takwimu:
Mnabishana kuhusu suti, ilhali kosa limo katika kuhesabu kwenyewe. Walter Plowright, daktari wa mifugo, akiwa Muguga, Kenya, alivipitisha virusi vya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe kwa wingi, katika chembe za figo za ndama mara tisini hivi mpaka vikapoteza ukali, na chanjo iliyotokana na kazi hiyo ikachangia sana hadi sotoka ikatangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Mbinu ya kukuza virusi katika chembe aliikuta imekwisha kusafishwa njia na akina John Enders, watafiti wa virusi wa Marekani, waliokuwa wakihangaika na polio ya watoto. Sasa kazi ile iwekwe katika safu gani, na ipewe alama ngapi? Kama ni sawa na makala yoyote nyingine, basi jedwali la kamati halipimi kitu.

Mleta Mada:
Nashukuru, lakini rafiki yangu hajatokomeza sotoka. Anaomba tu makala zake za kichaa cha mbwa zirudishwe, ugonjwa ambao mbwa huumwa na mtu huufia.

Mfugaji wa Simanjiro:
Wasomi, mimi ni mtu wa zizini na nimesoma yote. Watafiti walipokuja kuchukua damu ya ng'ombe wangu, mimi na wanangu ndio tuliowashika pembe tangu alfajiri, na mmoja alipigwa teke la mbavu. Makala ilipotoka nilisomewa majina yote, sisi hatukuwamo hata katika shukrani. Mnapogombea nani ni dereva wa daladala, mkumbuke kuna waliolisukuma.

Kipimajoto:
Pole, ndugu Mfugaji, lakini hilo ni la maadili ya utafiti na linastahili mada yake. Mzee wa Kabete, swali langu la majina kumi na matano uliliruka tangu mwanzo. Bado nalisubiria jibu.