Maganda ya soseji: selulosi nyembamba, selulosi nene au kolajeni?

BuchaMoro
Wakuu, habari za jioni. Nina bucha Morogoro, natengeneza soseji za ng'ombe na kuku kwa utumbo wa kondoo. Sasa hoteli na shule zimeanza kuniletea oda, na utumbo haunipi saizi moja: hapa milimita 20, mbele kidogo 24. Nauza kwa kipande, kwa hiyo ile minene inanila. Muuzaji ameniletea sampuli mbili za maganda ya selulosi, yale ya kumenya. Moja ina ukuta mnene. Nyingine nyembamba mno, ati imevutwa kiwandani ndiyo maana ni imara zaidi, na bei yake iko juu. Nyembamba halafu ghali? Naona kama napigwa. Kolajeni pia naifikiria, yale maganda ya protini ya ngozi ya wanyama.

Mzee_wa_Moshi
Hupigwi, mkuu. Selulosi hutokana na massa ya mbao au nyuzi fupi za pamba. Huchanganywa na kostiki soda na kaboni disulfidi hadi kupata kimiminika kizito kiitwacho viskosi. Waingereza waliigundua njia hiyo mwaka 1892. Viskosi husukumwa kupitia mwanya wa duara, ikaingia kwenye asidi ya salfuriki yenye chumvi, ikaganda kuwa mrija. Mrija ukiwa bado na majimaji huvutwa kwa urefu, na hewa ya ndani huutanua kwa upana. Minyororo ya selulosi iliyokuwa imelala shaghalabaghala hujipanga, na hapo ndipo nguvu inapotoka.

Ila uliza imevutwa vipi. Ganda likijazwa nyama, mkazo wa kuzunguka mrija ni mara mbili ya ule wa urefu, ndiyo maana soseji hupasuka kwa urefu. Lililovutwa kwa urefu pekee litachanika wima kama kanga. Linalofaa limetanuliwa pande zote mbili.

Fundi_Bomba
Utumbo wa kondoo hauna mpinzani mdomoni. Hayo mengine ni biashara.

DadaKiwandani
Naongezea nikiwa Thika, Kenya, tunakotengeneza smoki, yaani soseji za moshi. Faida ya wembamba iko kwenye kijiti. Maganda haya huja yamekunjwa na kubanwa kuwa kijiti chenye tundu unachovisha kwenye bomba la mashine. Ukuta ukiwa mwembamba, kijiti cha urefu uleule hubeba mita nyingi zaidi, na mashine haisimamishwi kila mara kubadilisha. Kwa mashine ya kasi hiyo ni pesa. Kaka, yako ni ya aina gani?

BuchaMoro
Ya mkono, dada. Ya kuzungusha.

DadaKiwandani
Basi hiyo faida huioni, usiilipie. Halafu kuna kumenya. Moshi na mvuke hupenya selulosi, protini ya juu ya nyama huganda na kuwa ngozi ya soseji yenyewe, ndipo ganda hutolewa. Sisi tuna mashine ya mvuke na kisu. Wewe utazimwagia maji baridi, uziache zipoe kabisa hadi ndani, kisha uchane kwa wembe moja moja. Na chukua yenye mstari wa rangi, ili ganda lililosahaulika lionekane. Fikiria mtoto wa shule akilitafuna!

Tanga_Halali
Kwa hoteli, kolajeni. Inalika, haimenywi, saizi ni moja. Nyingi ni ya ngozi ya ng'ombe, lakini ya nguruwe ipo, kwa hiyo usinunue bila kuona cheti cha halali. Waambie wapishi wapunguze moto: mafuta yakichemka sana, kolajeni hujikunja na kupasuka, halafu lawama zinakurudia wewe.

BuchaMoro
Nimewaelewa. Hoteli kolajeni. Shule nitajaribu selulosi ile nene kwanza, maana wao hutaka isiyo na ganda. Je, nailoweka kama utumbo?

Mzee_wa_Moshi
Hapana. Ya kipenyo kidogo huja na unyevu wake na gliserini. Ukiilowesha kijiti kinaharibika. Za kuloweka kwenye maji ya vuguvugu ni zile kubwa za salami, zenye karatasi ya nyuzi ndani ya ukuta. Yako fungua pakiti ukiwa tayari kujaza, na inayobaki ifunge vizuri. Ikikauka, huvunjika ukiivisha tu kwenye bomba.