Mrejesho: tulivyopinga uamuzi wa PIP wa mama

Niliuliza jinsi ya kupinga uamuzi wa PIP, malipo ya ulemavu ya Uingereza, baada ya mama kupewa pointi 4 tu za shughuli za kila siku. Sasa ana 9. Kiwango cha kawaida kinaanzia pointi 8, cha juu 12. Asanteni sana!

Kwanza uombe uamuzi uangaliwe upya ndani ya mwezi 1 tangu tarehe iliyo kwenye barua. Omba pia nakala ya ripoti ya mtathmini, maana hapo ndipo unaona kila pointi ilikopotelea. Ya mama iliandika "anaweza kupika kwa kutumia kifaa", pointi 2. Tukajibu: akimenya viazi kisu humponyoka, vidole havishiki, siku 5 kati ya 7, na lazima mtu awe naye jikoni. Hiyo ni pointi 4. Kanuni inadai kazi ifanyike kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, irudiwe kila inapohitajika, isichukue zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na ulemavu. Ukikwama kwenye moja tu, huhesabiwi kuwa unaiweza.

Barua ya daktari yenye jina la ugonjwa peke yake haisaidii sana. Ieleze unachoshindwa kufanya.

Wakikataa tena, una mwezi 1 mwingine kwenda kwenye baraza huru. Baraza hutazama hali ilivyokuwa siku ya uamuzi, na linaweza hata kupunguza pointi.