Barafu ya ziwa mwanzoni mwa majira ya baridi: unajuaje kwamba inabeba?

Nyayo_Taratibu (ameanzisha mada)

Wakuu, naomba mnisaidie kusoma vipimo hivi kabla sijaamua. Ziwa ni dogo, katikati lina kina cha mita 9 hivi, kuna kijito kinaingia upande mmoja na kingine kinatoka upande wa pili. Ghuba ya maji mafupi iliziba siku 6 zilizopita. Katikati palibaki wazi hadi siku 3 zilizopita, upepo ulipotulia. Usiku baridi inafika nyuzi 8 chini ya sifuri, mchana nyuzi 2 chini ya sifuri. Juzi imeanguka theluji ya sentimita 5, bado ni nyepesi.

Nimetoboa tundu moja mita 10 kutoka ufukweni: unene sentimita 11, za juu 3 ni nyeupe, 8 zilizobaki ni angavu kabisa. Tunataka kuvuka watu wawili kwa miguu, tukivuta sledi (kigari cha kuteleza juu ya theluji, kisicho na magurudumu) yenye mzigo wa kilo 40. Majedwali mengi yanasema sentimita 10 zinamtosha mtembea kwa miguu. Je, hizi 11 zinaruhusu? Na zaidi ya keekee na futi, niangalie nini?

Fundi_Pima

Mkuu, hizo 11 zinakuruhusu kusimama pale ulipotoboa, basi. Tupige hesabu kwa namba ulizoleta.

Anza na rangi. Barafu nyeupe ni theluji iliyolowa ikaganda, imejaa viputo vya hewa, na hubeba takriban nusu ya ile angavu. Kwa hiyo zile 3 nyeupe zihesabu kuwa 1.5. Ongeza 8, unapata 9.5. Tayari uko chini ya 10, na bado hujaondoka ufukweni.

Sasa katikati. Wastani wa baridi yako kwa siku ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Zidisha 5 kwa idadi ya siku tangu maji yazibe. Nasema tangu yazibe, si tangu baridi ianze. Wengi hukosea hapo. Ghuba ni 5 × 6 = 30, katikati ni 5 × 3 = 15. Tafuta kipeuo cha pili: cha 30 ni 5.5 hivi, cha 15 ni 3.9. Kwa ziwa lenye theluji juu, zidisha kipeuo hicho kwa namba kati ya 1.7 na 2.4, upate sentimita. Ghuba inatoka 9 hadi 13, na wewe umepima 11, kwa hiyo hesabu inakubaliana na keekee yako. Katikati inatoka 6.6 hadi 9.3. Na huko ndiko kwenye maji ya mita 9.

Hesabu hii itumie kujizuia tu. Ikitoa 7, kaa nyumbani. Ikitoa 12, bado utakwenda kupima.

Kuhusu uzito, kuna kanuni ya Gold, mtafiti wa Kanada, inayotumiwa na wahandisi: chukua unene kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha mara 4, jibu ni kilo. Sentimita 10 ni kilo 400, 7 ni kilo 196, 5 ni kilo 100. Unaona unene ukipungua nusu, uwezo unabaki robo. Nyinyi wawili na sledi mkisogeleana mnakaribia kilo 200. Juu ya sentimita 7 hamna akiba yoyote, na kanuni yenyewe inachukulia barafu angavu, isiyo na ufa, inayoelea juu ya maji kila mahali.

Bi_Theluji

Nakubaliana na hesabu, ila hiyo 10 naipinga kwa wiki mbili za mwanzo. Idara ya Maliasili ya Minnesota, jimbo la Marekani, inataja inchi 4, yaani sentimita 10, kwa barafu mpya angavu. Msalaba Mwekundu wa Kanada unataka 15 kwa mtu mmoja na 20 kwa kundi. Watu hudhani wa pili wanatisha bure. Mtu mmoja hahitaji 15 ili abebwe. Tofauti inatokana na utofauti wa unene. Ziwa jipya linaweza kupungua sentimita 4 ndani ya hatua chache. Ukitegemea 10 na pakapungua 4, uko juu ya 6. Ukitegemea 15, una 11 bado.

Halafu mmesahau theluji. Kila sentimita ya barafu inayoelea inaweza kubeba mzigo wa kama kilo 0.83 kwa kila mita ya mraba kabla ya uso wake kuzama sawa na maji. Barafu ya 11 inavumilia kilo 9 hivi. Theluji mpya nyepesi ya sentimita 5 ina uzito wa karibu kilo 5 kwa mita ya mraba. Chungulia tundu lako: maji yanapaswa kusimama kama milimita 4 chini ya uso wa barafu. Ikianguka theluji nyingine kama hiyo, mzigo unapita uwezo, barafu inazama kidogo, maji yanapanda kupitia nyufa na kulowesha theluji kutoka chini. Unapata uji wa theluji usioonekana juu. Uji huo ukiganda nusu nusu unakuwa na ukoko juu, maji katikati, barafu ya zamani chini. Mtu anapima yote kwa pamoja na kusema ana 16! Tabaka zikitenganishwa na maji hazijumlishwi. Hesabu ile moja nzima ya chini tu, na wakati huo huenda imeacha kukua kwa sababu uji umeifunika kama blanketi.

Kwa hiyo tundu likitapika maji juu ya barafu, jua kuna mzigo kupita kiasi hapo hapo uliposimama.

Mtaimbo

Vifaa. Keekee ya mkono inafaa, ila kwa matundu mengi chukua drili ya betri na biti ya mbao ya msokoto, upana milimita 16 hadi 20, urefu usiopungua sentimita 40. Betri iweke ndani ya koti mpaka uihitaji, baridi inaimaliza haraka. Biti ikishaingia usiisimamishe ndani ya tundu, maana unga wa barafu uliolowa huganda na kuikamata. Itoe ikiwa inazunguka, ikung'ute, endelea.

Kipimo kizuri ni kijiti chenye ndoano ndogo upande wa chini, hata msumari uliopindwa unatosha. Ishushe, ivute hadi ndoano ishike ukingo wa chini wa barafu, soma usawa wa uso wa barafu baada ya kufagia theluji. Futi ya kawaida isiyo na ndoano inateleza na kukupa namba unayoitamani.

Drili pekee haitoshi mwanzoni mwa msimu. Mapendekezo ya kupima kila mita 45 yanafaa baadaye, barafu ikishakomaa. Sasa hivi toboa kila mita 15 hadi 20, na kati ya matundu tembea na mtaimbo: chuma cha mita 1.5 chenye ncha, kilo 3 au 4, wenye kitanzi cha kamba mkononi (usipokuwa na kitanzi, siku utakapopenya utakwenda nao chini). Piga mbele yako kwa nguvu kila hatua 3 au 4, umbali wa mkono na chuma, si karibu na vidole vya miguu.

Jambo la kufanya kwanza ni kuufundisha mkono. Pale penye tundu ulilopima, piga ukihesabu: sentimita 11 zinachukua mapigo mangapi kupenya? Kisha toboa palipo pembamba zaidi karibu na ufuko, penye maji ya magotini, upime na kupiga tena. Kila mtaimbo na kila mkono una hesabu yake. Kwa ujumla chuma cha uzito huo kikitokeza maji kwa pigo moja au mawili, uko kwenye sentimita 5 au chini. Hapo usigeuke kwa kuzunguka duara. Rudi kinyumenyume katika nyayo zako, miguu ikiburuzwa bila kuinuliwa, mwenzako akiwa amerudi kwanza.

Matete

Naongeza mahali pa kutoaminika hata kama katikati pamepimwa vizuri.

Kijito kinachoingia na kinachotoka: kaa mbali navyo kabisa. Kinachotoka ndicho kibaya zaidi, kwa sababu maji yanaharakisha kabla ya kufika mdomoni na yanakwangua barafu kutoka chini huku juu pakionekana sawa. Vivyo hivyo njia nyembamba kati ya rasi na kisiwa, na chini ya madaraja.

Matete na magugu: mashina hupitisha joto, na tope lililooza chini yake hutoa gesi. Ukiona viputo vyeupe vimepangana kama sahani ndani ya barafu angavu, ujue gesi inapanda hapo. Pita nje ya ukingo wa matete.

Gati, mawe makubwa na magogo hunyonya jua la mchana. Barafu inayozunguka gogo inaweza kuwa nusu ya ile iliyo mita 3 pembeni.

Sasa hili lipeni uzito. Katikati palipochelewa kuziba, bata huogelea pamoja na kuzuia tundu lisigande. Usiku mmoja wa utulivu wanaondoka, tundu linashika utando wa sentimita 2, kesho yake theluji inalifunika. Kwa macho hakuna tofauti na sehemu nyingine. Ndiyo maana anayeandika kila siku maji wazi yako wapi, kwa kutazama kutoka ufukweni kabla theluji haijaanguka, anajua ziwa lake kuliko mwenye drili ya gharama. Chora ramani hata kwa penseli. Sehemu iliyoziba mwisho ndiyo ya kuingia mwisho.

Theluji iliyorundikana kwa upepo nayo inadanganya: inazuia baridi kushuka, kwa hiyo chini ya rundo barafu ni nyembamba kuliko palipopeperushwa pakabaki wazi. Doa la kijivu juu ya theluji ni maji yaliyopanda. Lizunguke kwa mbali.

Kama ni bwawa linalofunguliwa maji, sahau jedwali lote. Maji yakishuka, barafu ya ukingoni inabaki ikining'inia juu ya hewa.

Nyayo_Taratibu

Asanteni, nimeelewa, safari imeahirishwa. Maswali mawili ya mwisho. Usiku ziwa linanguruma kama ngoma, wengine wanasema ni dalili ya kuvunjika. Na kuna anayetaka kuja na pikipiki ya theluji ya kilo 250; kwa kanuni ya Gold sentimita 8 zingembeba?

Fundi_Pima

Mngurumo ni barafu inayosinyaa na kutanuka joto linapobadilika. Peke yake hausemi dhaifu wala imara. Sauti ya kuogopa ni ile ya chini ya mguu: mlio mkali mfupi, pamoja na nyufa zinazotawanyika kama nyota kutoka unapokanyaga. Hapo lala chini, tandaza uzito, jiviringishe kurudi ulikotoka. Wanaoteleza kwa viatu vya makali husikiliza pia sauti ya chuma: barafu nene hutoa sauti nzito, na sauti ikipanda kuwa nyembamba, barafu nayo inapungua.

Kuhusu pikipiki: 4 × 64 ni kilo 256, na dereva hajapanda! Asije. Minnesota inataja inchi 5 hadi 7, yaani sentimita 13 hadi 18, kwa barafu angavu, Kanada 25. Isitoshe chombo kinachokwenda kinasukuma wimbi la maji chini ya barafu. Kwenye maji mafupi wimbi hilo husafiri kama kilomita 16 kwa saa penye kina cha mita 2, na 22 hivi penye mita 4. Mwendo wa chombo ukilingana nalo, barafu inapinda zaidi kuliko uzito peke yake ungeipinda, hasa ukielekea ufukweni.

Nyufa kavu zisizopenya hazina neno. Ufa wenye maji umeigeuza barafu kuwa na ukingo: kata uwezo kwa nusu. Nyufa mbili zenye maji zikikutana, hesabu robo. Na joto likikaa juu ya sifuri kwa saa 24, vipimo vyote vya jana vimekufa, anza upya.

Bi_Theluji

Kabla hujarudi na 15 zako, panga hivi. Vishikio viwili vyenye ncha za chuma vining'inie shingoni nje ya koti, kwa maana vilivyo ndani ya begi havifikiki kwenye maji. Kamba ya kurusha ya mita 20 kwa kila mtu, sio moja kwenye sledi. Begi lenye nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, kwa sababu hewa iliyomo inakufanya uelee, na mkanda upite katikati ya miguu usije ukapanda hadi kisogoni na kukuinamisha uso majini. Mwachane mita 10, sledi ivutwe kwa kamba ndefu, kamba isifungwe mwilini bali ishikwe au iwe na ndoano ya kufungua kwa mkono mmoja.

Ukizama: dakika 1 ya kwanza ni ya pumzi tu, usipambane mpaka mhemo upungue. Una kama dakika 10 ambazo mikono bado inatii. Saa 1 hivi ndiyo inayokufikisha kwenye kuzimia kwa baridi, kwa hiyo kwa kawaida baridi haiui papo hapo mradi unaelea. Geukia ulikotoka, maana barafu ya huko ilikubeba. Laza mwili kwa kupiga miguu nyuma, choma vishikio mbele, vuta. Ukingo ukivunjika, choma tena, endelea kuvunja hadi ufike unaobeba. Ukitoka usisimame, jiviringishe mita kadhaa kwanza.

Aliye nje asikimbilie tundu. Alale, arushe kamba, avute akiwa amelala.