Tupeane uzoefu: namba tasa na vigawo vilivyotutesa skuli

KarafuuKavu
Jana usiku mwanangu wa darasa la tano kaniletea daftari, baba nitajie vigawo vya 48, nikamtajia 1, 2, 3, 4, 6, 8 nikamwambia basi. Mtoto ananitazama tu, mwisho kanambia mbona 12, 16, 24 na 48 yenyewe umeziacha? Aibu jamani. Nani mwengine haya mambo yalimtesa?

Urojo_Moto
Mie mpaka leo kigawo (kinachoigawa namba bila baki) na kigawe (unachopata ukiizidisha) nazipishanisha, herufi moja tu inakuliza.

Bint Chake
Mie nna donda hapa. Darasa la sita, skuli siitaji, maalim kaandika ubaoni 83, 89, 91, 97 akasema zote tasa, yaani hazigawiki ila kwa 1 na zenyewe, nakilini. Sasa mama akiuza machungwa sokoni Chake na kazi yangu kila Jumamosi kuyapanga mafungu, saba saba, na wiki ile ile nilipanga mafungu kumi na tatu, machungwa yote 91, halikubaki hata moja. Nikanyoosha mkono, maalim 91 inagawika kwa saba. Darasa zima kimya. Kanambia njoo uoneshe, nikaenda, mkono unatetemeka chaki ikakatika mara mbili, 9 kwa 7 moja baki 2, nikaishusha ile 1 ikawa 21, basi sijaandika 3 kashanipokonya chaki, nenda nje kapige magoti, umekuja kunisomesha mie? Nikakaa juani mpaka kengele ya mapumziko. Na kwenye mtihani ikaja 91 ile ile, nikaandika si tasa, nikapigwa kosa kwa wino mwekundu. Daftari ninalo. Nna miaka 41 sasa (tasa hiyo, musicheke) na bado inaniuma.

Pweza Mkavu
Pole bibie. Ulikuwa sahihi na magoti ukapiga.

MwanaWete
Mie mwalimu, musitutie sote kapu moja. 91 inawapiga chenga wengi, 2 haiingii, 3 haiingii maana 9 na 1 ni 10, 5 haiingii, mtu anachoka kabla hajafika 7. Kuna 51 na 57 nazo zina sura ya tasa, jumlisha tarakimu unapata 6 na 12, tatu imo.

Urojo_Moto
Na 1 je, si tasa?

MwanaWete
Si tasa. Tasa ina vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. 1 inacho kimoja.

Mzee Mkokotoni
Sisi tulisomeshwa 1 ni tasa, na 2 si tasa kwa kuwa ni shufwa, inagawika kwa mbili.

MwanaWete
Shkamoo mzee, ila hapo hapana. 2 ndiyo shufwa pekee iliyo tasa.

Mzee Mkokotoni
Marhaba. Watoto wa juzi nyie.

Bint Chake
Mbona mumehama, mie nazungumzia magoti yangu.

Sambusa Baridi
Mie likinikera jina lenyewe. Shangazi yangu hakujaaliwa mtoto, kila maalim akitamka tasa wenzangu wa mtaani wananigeukia wanacheka.

Pweza Mkavu
Dawa kariri zile 25 zilizo chini ya 100, yakhe, umalize.

MwanaWete
Usikariri! 97 jaribu 2, 3, 5, 7 basi, maana 11 mara 11 ni 121, ushaipita 97.

KarafuuKavu
Mie hugawa mpaka nifike nusu yake.

MwanaWete
Utakesha. Mpe mtoto chekeche: andika 1 mpaka 100, futa 1, bakisha 2 ufute vigawe vyake, halafu 3, 5, 7 vivyo hivyo, zilizobaki zote tasa. Njia ya Eratosthenes hiyo, mkuu wa maktaba ya Iskandaria, zaidi ya miaka 2,200 ishapita.

Mzee Mkokotoni
Njia ya kujua kama 7 imo mie nnayo. Tarakimu ya mwisho izidishe kwa mbili, uitoe kwenye zilizobaki. 91, 9 toa 2 ni 7, imo.

Urojo_Moto
Mzee kumbe umo! Mie ntanunua machungwa tu.

Sambusa Baridi
Bint Chake, yule maalim alikuja kujua lakini?

Bint Chake
Mwaka juzi nilimkuta kwenye boti ya kwenda Unguja, kazeeka, hanikumbuki. Nikampa shkamoo nikampisha kiti. 91 sikuitaja.

Urojo_Moto
Mie ningeitaja.

KarafuuKavu
Jamani mtoto karudi, anauliza vigawe vya 48 viishie wapi.

MwanaWete
Haviishi hivyo. Mwambie akalale.