Mama kavunjika mkono kwa kuteleza tu, kipimo cha mifupa kinasaidia?

Kijana wa Mabatini: Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 67, tunakaa huku Mwanza, juu mlimani kwenye mawe. Juzi kateleza ngazini, akajikinga kwa kiganja, mkono ukavunjika kwenye kifundo. Kafungwa plasta, basi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa umevunjika kirahisi vile. Jirani anasema kuna kipimo cha mifupa, mwingine anasema eksirei inatosha. Halafu mama ana pumu, kanywa prednisolone muda mrefu. Inahusika?

Nesi Mstaafu: Inahusika sana mwanangu, na mama mpe pole. Prednisolone ya miezi mitatu na zaidi hula mifupa. Ila msimwachishe ghafla, ni hatari; mtajieni daktari hata asipouliza.

Eksirei inaonyesha palipovunjika. Mfupa kupungua hauonekani vizuri humo mpaka uwe umekwisha kama asilimia 30. Kipimo chenyewe ni deksa: mama analala chali, mashine inapita juu ya mgongo na nyonga, hakuna sindano, mionzi yake kidogo mno. Majibu ni namba. Kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida, -2.5 na kushuka, mifupa ni dhaifu. Mashine hizo hazipo kila hospitali, ulizeni kwanza kabla ya kumteremsha mama mlima wote huo.

Isipopatikana, msikae kungoja. Mtu wa umri wake akivunjika kwa anguko dogo hivyo, daktari anaweza kuanza tiba bila namba. Akiandikiwa alendronate, kidonge cha kuimarisha mifupa, anywe asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji, kisha akae wima nusu saa. Akilala, kidonge kinaweza kumchoma koo la chakula. Nimewaona waliopuuza hilo, wanateseka.

Mama Dagaa Kirumba: Dagaa ampikie kila siku! Sangara unakula mnofu, miba unatupa. Dagaa unamla na mifupa yake, na kalsiamu imo humo.

Kijana wa Mabatini: Shikamoo mama nesi, asante. Sasa nimzuie kupanda na kushuka?

Nesi Mstaafu: Marahaba. Usimzuie kutembea, mfupa usiobebeshwa uzito unazidi kunyong'onyea. Ngazi zifungieni bomba la kushikia, taa iwake usiku, na zile ndala zilizolika nyayo zitupeni leo. Macho pia yapimwe. Wengi wanaoanguka hawaoni ngazi ya mwisho.